Shajara ya mtaro wa kichochoro chetu: Mkomani, Lamu, 2023–2024

27 Novemba 2023: Maji yarudi bafuni

Ninaanza kuandika siku moja baada ya maji kujaa bafuni mwetu, yakatoka hadi ukumbini na kulowesha mikeka yote. Mvua za vuli mwaka huu zimezidi pwani nzima kwa athari ya El Niño, na kwa hiyo jambo la kwanza kila mtu alilolaumu ni mvua. Lakini nilipotoka na taa usiku ule niliona kitu kilichonitia shaka. Mtaro ulio mbele ya nyumba haukuwa umefurika hata kidogo. Maji yalikuwa yakipita kwa kina cha vidole vinne, na kingo zake zilikuwa kavu. Tundu la bafu yetu, ambalo hutoa maji ukutani na kuyamwaga mtaroni, ndilo lililokuwa limezama. Maji yaliingia nyumbani kwa njia ileile waliyoitoboa wazee ili yatokee.

Kwa asiyeujua mji huu, nieleze mtaro wenyewe ni upi. Kichochoro chetu kiko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale, na kinateremka kutoka mitaa ya juu hadi Ndia Kuu, njia ndefu inayokwenda sambamba na pwani. Ubavuni mwake umejengwa mtaro wa wazi, upana wa shibiri moja na nusu, unaopokea maji ya kuoga, ya kufulia na ya jikoni kutoka nyumba nane, pamoja na mvua inayoshuka kutoka kwenye mapaa. Maji ya choo hayamo, kwa kuwa kila nyumba ya zamani ina shimo lake. Mitaro ya namna hii imeenea mji mzima, yote ikielekea baharini, na nyumba za mawe haziwezi kukalika bila hiyo, kwa sababu kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unaosimama katika maji yaliyotuama hunyonya unyevu hadi ghorofani.

Majirani wamekubali tuchunguze kwanza kabla ya kumwita fundi. Ninaweka kumbukumbu hizi ili wa vichochoro vingine wakitaka kufanya kazi kama hii wasirudie makosa yetu.

18 Desemba 2023: Kupima mteremko, mara mbili

Tulitaka kujua kama mtaro unateremka ipasavyo. Tulitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi huujaza maji ili kuhamisha usawa kutoka pembe moja ya nyumba hadi nyingine, na tukapima kila baada ya mita mbili kutoka juu hadi Ndia Kuu.

Siku ya kwanza ilipotea yote. Vipimo vyetu vilionyesha kwamba katikati ya kichochoro mtaro unapanda kwa sentimita 17, jambo lisilowezekana kwa kuwa maji tunayaona yakishuka hapo kila siku. Tulipoukagua mpira tuliona povu la hewa limekwama mahali ulipokunjwa, na povu hilo hufanya maji ya pande mbili yasilingane. Siku ya pili tulitia rangi kidogo ya kupikia ndani ya maji ili hewa ionekane, tukaujaza mpira kwa kuyavuta kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu badala ya kuyamimina kwa kikombe, kisha tukauburuta ukiwa umenyooka. Kabla ya kila kipimo tulizileta ncha zote mbili pamoja na kuhakikisha zinalingana. Anayeiga kazi hii asiruke hatua hiyo ya mwisho, kwani ndiyo inayomwambia kama mpira unasema kweli.

Matokeo ni haya. Kutoka juu hadi Ndia Kuu ni mita 38, na mtaro unashuka sentimita 95, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita, mteremko mzuri sana. Kutoka Ndia Kuu hadi ukuta wa bahari ni mita 44, na huko unashuka sentimita 13 tu, kama milimita 3 kwa kila mita. Tofauti hii kubwa sikuitarajia, nami nitairudia.

Tulifanya pia jaribio la ndoo: tulimwaga lita 20 kwa mkupuo juu ya kichochoro, tukatia kipande cha kumbi la nazi na kulifuata kwa saa. Lilichukua dakika 3 na sekunde 50 kufika Ndia Kuu, na mara mbili lilikwama kwenye mchanga. Kwa mteremko tuliokuwa tumeupima, mwendo huo ni wa polepole mno.

11 Januari 2024: Kufukua

Siku tatu, wasaidizi wawili. Kulitoka mchanga, vifuko vya plastiki, makumbi, vipande vya kuta, na mchanga tena. Sehemu kubwa ya mchanga ni ule unaomwagika kutoka kwenye magunia ya punda wanaobeba vifaa vya ujenzi, kwani hapa hakuna gari linaloingia, na kila nyumba inayojengwa juu hupitisha mchanga wake mlangoni petu. Tuliondoa mizigo 24 ya punda.

Gharama: wasaidizi, shilingi 4,800, punda, shilingi 2,400. Jumla 7,200.

16 Januari 2024: Sakafu mbili, na matundu matatu katika ukuta mmoja

Baada ya kusafisha tuliona kwamba sakafu ya mtaro ni ya saruji, imenyooka na kuwa bapa kama sakafu ya chumba. Mahali ilipopasuka, karibu na nyumba ya tano, mwashi mzee aliyekuja kutushauri alipenyeza tindo na kuinua kipande. Chini yake palikuwa na safu ya pili, ya zege, na baina ya safu hizo mbili kulikuwa na kizibo cha soda kilichobanwa, kwa hiyo ile ya juu si ya zamani. Safu ya juu ina sentimita 3 na ya chini sentimita 6. Chini ya zote mbili tukaikuta sakafu ya kwanza.

Ningependa kueleza sakafu hiyo kwa urefu, maana ndiyo iliyobadilisha mradi wetu wote. Ni ya vipande vya mawe ya matumbawe vilivyopangwa kwa ubavu na kupakwa chokaa, na si bapa. Imechimbika katikati kama tumbo la mtumbwi, nyororo kiasi kwamba kiganja kinateleza. Mwashi alipitisha mkono wake, akanyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana alete kipande cha boriti kutoka nyumba inayoezuliwa. Alipoilaza boriti ile ndani ya mtaro, ilikaa sawasawa, pande zote mbili, bila nafasi ya kuingiza ukucha. “Hawa hawakuikwangua kwa mwiko,” alisema. “Waliburuta boriti chokaa ikiwa mbichi.” Mikoko ileile iliyobeba dari za nyumba hizi ndiyo iliyotumika kuuchonga mtaro wake.

Umbo hilo lina kazi. Kwa sehemu kubwa ya siku mtaro hubeba maji kidogo, ya mtu mmoja anayeoga au ya vyombo vilivyooshwa. Katika sakafu iliyopinda maji hayo kidogo hukusanyika katikati, yakawa na kina na mwendo wa kutosha kuusukuma mchanga. Katika sakafu bapa yaleyale hutandazika yakawa utando mwembamba, yakapoteza nguvu, na mchanga ukabaki pale ulipoangukia. Mchanga ukikaa, taka hushika juu yake, na baada ya wiki chache mtu huona mtaro umejaa na kuitisha saruji ili “kuurekebisha.”

Saruji nayo huinua sakafu. Hapa ndipo nilipopata jibu la maji ya bafuni. Katika ukuta wa nyumba ya sita tulihesabu matundu matatu, moja juu ya jingine. La chini kabisa liko sentimita 4 juu ya sakafu ya zamani na limezibwa kwa jiwe na chokaa. La pili liko sentimita 12 na limezibwa kwa saruji. La tatu liko sentimita 21, nalo lina bomba la plastiki. Kila mtaro ulipoinuliwa, mwenye nyumba alilazimika kuziba tundu lake na kutoboa jingine juu zaidi. Sisi hatukutoboa. Tundu letu lilikuwa sentimita 11 juu ya sakafu ya kwanza, na sasa limebaki sentimita 2 tu juu ya saruji. Vidole vinne vya maji vinalizamisha kabisa.

Bibi wa nyumba ya tatu, ambaye ameishi kichochoroni hapa tangu alipoolewa, alitutazama kutoka dakani, yaani barazani pa mlango wake, tukipima matundu, akatuita. Alisema kwamba zamani kila nyumba ilifagia kipande chake kabla ya jua kupanda, kuanzia kizingiti chake hadi kizingiti cha jirani wa chini, na ya mwisho kabisa ilimwaga ndoo moja ya maji ya kisima. “Mwanangu, aliyeacha taka zake zikashuka kwa mwenziwe aliona haya kuamkiana naye.” Tena alinikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau: watu walioga kwa kata kutoka kwenye birika la bafuni, lile lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na maji ya kata ni machache. Siku hizi bomba likifunguliwa hutoa maji mengi zaidi na kwa muda mrefu. Mtaro umeinuliwa na kufanywa bapa wakati uleule ambao mzigo wake umeongezeka.

25 Januari 2024: Pwani ilikuwa wapi?

Nairudia ile tofauti ya mteremko. Kwa nini mtaro ushuke vizuri hadi Ndia Kuu kisha ulale karibu tambarare hadi baharini?

Jibu limo katika historia ya mji. Ndia Kuu ndiyo iliyokuwa karibu na ukingo wa maji. Safu ya majengo iliyo mbele yake leo, yanayotazama mkondo baina yetu na kisiwa cha Manda, imesimama juu ya ardhi iliyojazwa baadaye kwa kifusi na taka, hasa katika karne ya 19. Ushahidi wake uko wazi kwa anayetembea. Ngome, ambayo ilikamilika mwaka 1821, ilijengwa karibu na maji, na sasa ina kiwanja na safu ya nyumba mbele yake. Nyuma ya ngome upo Msikiti wa Pwani, unaotajwa kuwa wa mwaka 1370 na wa kale kuliko misikiti yote ya mji, nao hauko pwani tena, jina tu ndilo lililobaki mahali pake.

Kwa hiyo mtaro wetu, kwa jinsi ninavyousoma kutokana na vipimo, uliundwa kwa ajili ya bahari iliyokuwa mita 38 kutoka juu ya kichochoro. Pwani iliposogezwa mbele, waliojenga juu ya ardhi mpya walilazimika kuurefusha, lakini hawangeweza kuishusha bahari. Urefu uliongezeka maradufu na zaidi, na kimo kikaongezeka kwa sentimita 13. Nimepima mitaro mingine miwili ya jirani na yote ina tabia hiyohiyo: inashuka vizuri hadi Ndia Kuu, kisha inachoka.

Hili lilituonya kwamba tuna matatizo mawili tofauti. La juu linaweza kuponywa kwa kurudisha umbo la zamani. La chini haliponi kwa mteremko, kwa sababu mteremko haupo.

3 Februari 2024: Ukarabati wa kwanza, ulioharibika

Baada ya kupata kibali cha kufanya kazi katika mji wa kale, ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, tulibomoa saruji yote ya mita 38 na kuanza kujaza mashimo ya sakafu ya zamani kwa chokaa. Kazi ilichukua siku tatu. Baada ya siku tano nusu yake ilikuwa imesombwa, na ile iliyobaki ilikuwa na vidonda vidogo kama ngozi yenye surua.

Makosa yalikuwa matatu, na yote ni ya haraka. Kwanza, tulinunua chokaa, tukaizima kwa maji, na kuitumia baada ya siku mbili. Vipande ambavyo havijazimika bado huendelea kuvuta maji ndani ya plasta, huvimba na kufumuka, na hivyo ndivyo vile vidonda vilivyotokea. Pili, hatukuyazuia maji ya nyumba. Chokaa ya kawaida hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikiwa chini ya maji haipati hewa hiyo. Inabaki laini kama jibini na kuoshwa. Tatu, tuliacha sehemu zilizokuwa kavu zikipigwa na jua la kaskazi bila kuzifunika, zikapasuka kabla ya kushika.

Fundi kijana tuliyekuwa naye alisema turudi kwenye saruji, kwani inashika hata ndani ya maji na kazi ingekwisha siku mbili. Alisema kweli kuhusu saruji, lakini tulikuwa tumeona kwa macho yetu ilichokifanya. Tena saruji ni ngumu kuliko matumbawe yaliyo chini yake, haipumui, na unyevu unaozuiwa nayo huhamia ukutani. Mazungumzo yalikuwa marefu, na nashukuru kwamba alikubali kubaki kazini pamoja na mwashi mzee.

Gharama iliyopotea: chokaa mifuko 6, shilingi 4,200, mchanga, 1,500, fundi, 4,500, msaidizi, 2,400. Jumla 12,600.

10 Machi 2024: Ukarabati wa pili

Tarehe 5 Februari tulizima mifuko 10 ya chokaa ndani ya pipa, tukaiacha chini ya maji, ikikorogwa kila siku ya tatu, hadi tarehe 28. Baada ya zaidi ya wiki tatu ilikuwa imekuwa laini kama siagi, na tulipoichuja kwa wavu tulitoa vipande vichache tu visivyozimika.

Ili ishike mahali penye unyevu, mwashi alituagiza tukusanye vigae, vipande vya mitungi na matofali yaliyochomwa vizuri, tukavitwanga kinuni hadi vikawa unga. Udongo uliochomwa na kusagwa hushikana na chokaa bila kuhitaji hewa nyingi, na mchanganyiko wake hustahimili maji. Tuliijaribu kwanza kwa kufinyanga matonge sita ya vipimo mbalimbali na kuyaweka ndani ya ndoo ya maji kwa siku nne. Matonge ya chokaa na mchanga peke yake yaliyeyuka. Tuliloridhika nalo lilikuwa na sehemu 2 za chokaa, 1 ya unga wa vigae na 3 za mchanga. Mchanga hatukuuchukua kwenye matuta ya Shela, na ninamwomba yeyote atakayeiga kazi hii asiuchukue huko, kwani matuta hayo ndiyo yanayochuja mvua na kuhifadhi maji ya visima tunayoyategemea. Tuliuosha na kuutumia tena ule tuliouchota mtaroni.

Mawe 90 yalitoka machimbo ya Maweni, kisiwani Manda, na yaliletwa kwa mashua. Kuyazuia maji ya nyumba kulihitaji maafikiano kuliko ufundi: kila nyumba ilikubali kwa siku kumi kukusanya maji yake kwenye ndoo na kuyamwaga chini ya sehemu tunayojenga, na nyumba mbili zilizokuwa na wagonjwa tuliwawekea bomba la muda. Tulianza Alhamisi tarehe 29 Februari, tukapumzika Ijumaa, tukamaliza leo, kabla ya Ramadhani kuandama. Kila kipande cha mita mbili kilipokwisha kupakwa, boriti ililoweshwa na kuburutwa juu yake mara tatu, polepole, kutoka juu kwenda chini. Mara ya kwanza huacha mikwaruzo, mara ya pili huiondoa, na mara ya tatu chokaa huanza kung'aa. Kisha tukafunika kwa magunia mabichi, tukiyanyunyizia maji asubuhi na jioni.

Sakafu yote imerudi mahali pake pa zamani, sentimita 9 chini. Nyumba ya sita wamelifungua tundu lao la kati.

Gharama: mawe, shilingi 3,600, mashua, 2,500, chokaa, 7,000, kutwanga vigae, 1,600, mafundi siku 9, 13,500, msaidizi, 7,200. Jumla 35,400.

17 Machi 2024: Bamvu

Mwezi ulipoandama lilikuja bamvu kubwa, yaani bahari kujaa kupita kawaida. Jioni ya tarehe 11 na ya 12, kiasi cha saa kumi na nusu, nilikaa penye ukuta wa bahari kuangalia. Maji ya bahari yaliingia katika mdomo wa mtaro na kupanda taratibu, yakiwa na majani ya baharini na vifuko vya plastiki mbele yake, hadi yakasimama hatua chache tu kabla ya Ndia Kuu. Yalipokupwa, maji yalirudi, lakini mchanga na plastiki havikurudi.

Tuliweka kifuniko cha mbao mdomoni, kilichoning'inizwa juu kwa bawaba ili maji ya mtaro yakisukume yatoke na bahari ikifunge isiingie. Siku ya pili kifuko kilinasa ukingoni, kifuniko kikabaki wazi. Siku ya nne kilinasa kikiwa kimefungwa, na maji ya nyumba yakaanza kurudi nyuma. Tulikiondoa. Kifaa cha namna hii kinahitaji mtu wa kukitazama kila siku, na hatuna mtu huyo. Shilingi 1,800 zimepotea.

20 Aprili 2024: Karo la mchanga, na ubishi wa vifuniko

Katika siku zilizobaki za Ramadhani tulifanya kazi ya kunyunyizia tu. Baada ya Idi tulijenga karo dogo mahali mtaro unapofika Ndia Kuu, yaani pale mteremko unapokwisha. Lina urefu wa mita moja, limechimbwa sentimita 40 chini ya sakafu, na lina kichujio cha nondo mlangoni pa kutokea. Maji yanapoingia hupunguza mwendo na kuangusha mchanga humo, mahali panapofikika kwa koleo, badala ya kuuangusha katika zile mita 44 tambarare ambako umefunikwa na haufikiki. Gharama: mawe 30, shilingi 1,200; kichujio, 2,200; fundi, 3,000; msaidizi, 1,600. Jumla 8,000.

Baadhi ya majirani walitaka mtaro wote ufunikwe kwa mabamba, kwa ajili ya harufu na watoto. Hoja yao ni ya haki. Mtu mmoja aliutaja mji wa Freiburg, Ujerumani, ambako vijito vya barabarani vinavyoitwa Bächle, vilivyotajwa katika maandishi tangu karne ya 13, vina urefu wa zaidi ya kilomita 15 na sehemu kubwa yake imeachwa wazi hadi leo. Mfano huo unapendeza, lakini vijito vile huleta maji safi ya mto Dreisam mjini, na mtaro wetu huondoa maji yaliyokwisha kutumika, kwa hiyo haulingani nasi kwa suala la harufu. Unalingana kwa jambo jingine: huko nako vinadumu kwa kuwa kuna wanaovisafisha kwa zamu inayojulikana.

Tumekubaliana kufunika mbele ya milango tu, kwa mabamba yasiyozidi uzito wa kuinuliwa na mtu mmoja, kila moja likiwa na matundu mawili ya kuingiza vidole. Sehemu nyingine zote zibaki wazi, kwani kilichoziba mahali pa wazi huonekana siku hiyohiyo. Mabamba tuliyatoa katika mawe yaliyobaki na ya zamani.

14 Mei 2024: Masika

Mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Nilitoka mara nne. Katika saa ya nguvu zaidi maji yalijaza mtaro hadi vidole viwili chini ya ukingo, na tundu letu lilizama kwa muda wa dakika ishirini hivi, lakini bafuni yalipanda sentimita chache tu na kushuka yenyewe. Nyumba ya sita hawakuona kitu. Nyumba ya nane, ya chini kabisa, maji yaliwaingia kama zamani. Tundu lao liko mita tatu tu kabla ya kufika karoni, na karo lilikuwa limejaa mchanga kwa sababu hatukulisafisha tangu lijengwe. Kosa hilo ni letu sote, na tumewaomba radhi.

Siku iliyofuata, mvua ilipokatika, tulirudia jaribio la ndoo. Kumbi la nazi lilifika Ndia Kuu kwa dakika 1 na sekunde 5, bila kukwama popote.

6 Julai 2024: Hesabu na yaliyobaki

Jumla ya matumizi: kufukua 7,200, ukarabati ulioharibika 12,600, ukarabati wa pili 35,400, kifuniko cha bahari 1,800, karo 8,000. Jumla shilingi 65,000. Nyumba nane zilichangia 7,500 kila moja, na 5,000 zilizopungua nimezitoa mimi. Anayeanza leo kwa kuzima chokaa mapema na kuacha wazo la kifuniko ataokoa shilingi 14,400.

Karo sasa linachotwa kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, na wiki ya kwanza ya zamu hii kulitoka madebe manne ya mchanga. Tumewaomba wenye punda wafunge midomo ya magunia kwa kamba kabla ya kushuka kichochoroni, na wengi wamekubali. Kufagia kwa asubuhi kumerejea kwa nyumba tano kati ya nane.

Sakafu ina ufa mmoja mwembamba, mita 14 kutoka juu, pale kipande cha Alhamisi ya kwanza kilipoungana na cha Jumamosi. Siku ya Ijumaa ukingo ule ulikauka, nasi hatukuulowesha kabla ya kuendelea. Ufa haujapanuka tangu Mei. Tumeutia alama mbili za misumari ya shaba kila upande, umbali wa milimita 60, na nitaupima tena kabla ya vuli. Nyumba ya nane wanataka tundu lao liinuliwe kwa sentimita 8. Mwashi amekwisha kulipima, na chokaa ya kazi hiyo imo pipani tangu tarehe 20 Juni.